Soko la Pamoja limefungua mlango wa ajira, pensheni bado imekwama mpakani

Mwishoni mwa Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya leseni za biashara iliyotaja aina 15 za shughuli ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Humo mlikuwa na uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni za mitaani, usafi wa nyumba na ofisi, ununuzi wa mazao shambani, uwakala wa forodha na biashara ya duka. Mabishano yakawaka Nairobi na Dar es Salaam. Wakenya waliuliza Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilisainiwa la nini. Watanzania wengi wakajibu kwamba kila nchi ina sheria zake.

Kila upande ulishika kipande cha ukweli, kwa sababu maswali matatu yalikuwa yamechanganywa katika chungu kimoja: nani anaruhusiwa kufungua biashara nchi jirani, nani anaruhusiwa kuajiriwa huko, na huyo aliyeajiriwa analindwa na nani akiumia, akiugua au akizeeka. Swali la kwanza ndilo lenye kelele. La tatu halisemwi sana, ingawa ndilo litakalowagusa watu wengi zaidi, na wengi watalishtukia wakiwa na miaka 60, wakati hakuna tena cha kurekebisha.

Maneno ya kuelewa kwanza

Mtangamano wa kiuchumi ni mpango wa nchi jirani kupunguza vizuizi ili bidhaa, watu, huduma na mitaji vivuke mipaka kwa urahisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeupanga kwa hatua nne. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005 na unahusu bidhaa. Soko la Pamoja, ambalo itifaki yake ilisainiwa tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, linahusu watu, kazi, huduma na mitaji. Umoja wa Fedha una itifaki iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, lakini sarafu yenyewe haijazaliwa. Hatua ya mwisho ni Shirikisho la Kisiasa. Mambo yote ya wafanyakazi yamo katika hatua ya pili.

Hifadhi ya jamii ni mipango ya kisheria inayomkinga mtu pale kipato kinapokatika au gharama zinapomzidi: uzee, ulemavu, ugonjwa, uzazi, ajali kazini, kifo cha anayetegemewa na familia. Katika nchi zetu sehemu kubwa huendeshwa kwa michango inayokatwa kwenye mshahara na kuongezewa na mwajiri.

Kuratibu hifadhi ya jamii ni makubaliano kati ya nchi kwamba miaka uliyochangia upande mmoja wa mpaka itahesabiwa na upande wa pili. Huko si kuunganisha mifuko. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, unabaki wa Kenya, na RSSB, mfuko wa Rwanda, unabaki wa Rwanda. Kinachovuka mpaka ni hesabu ya miezi na haki inayotokana nayo.

Msafiri, mfanyakazi, mfanyabiashara

Itifaki ya Soko la Pamoja inawatenganisha watu hawa, na kila mmoja ana ibara yake. Ibara ya 7 inamhusu mtu anayeingia kutembea, kusoma, kutibiwa au kupita. Raia wa Jumuiya hupewa pasi ya kuingia ya hadi miezi sita. Pasi hiyo haimruhusu kufanya kazi, na hapa ndipo wengi wanapoanguka: kijana anaingia kihalali, anapata kazi hotelini au shuleni, anaendelea na pasi ileile ya mgeni, na siku ya ukaguzi anakuta kwamba kuingia kwake kulikuwa halali lakini ajira yake si halali.

Ibara ya 10 inamhusu mfanyakazi, yaani mtu mwenye mkataba wa ajira na mwajiri. Ibara ya 13 inamhusu anayetaka kujiajiri au kuanzisha kampuni. Amri ya Tanzania ya Julai 2025 inagusa hasa eneo hili la ibara ya 13. Mkenya mwenye kibali anayefundisha fizikia katika shule binafsi Arusha hakuguswa kama alivyoguswa Mkenya mwenye duka la jumla. Kama amri hiyo inapatana na itifaki ni swali zito la kisheria, lakini kulichanganya na suala la ajira kunawatia hofu watu ambao mikataba yao haikutajwa mahali popote.

Hata hati ya kusafiria inatofautiana. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kwa kuingia au kutoka Tanzania utahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kongo iliyojiunga 2022 na Somalia iliyojiunga 2024 bado zinaingizwa hatua kwa hatua, kwa hiyo usidhani kwamba kila kinachosemwa hapa kinatumika Goma au Mogadishu.

Ibara ya 10 inatoa nini, na inazuia wapi

Kwenye karatasi ibara hii ni nzuri sana. Inakataza ubaguzi wa uraia katika ajira, malipo na masharti ya kazi. Inampa mfanyakazi haki ya kuomba kazi, kukubali ajira aliyopewa, kuishi nchini humo kwa ajili ya kazi hiyo, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kushiriki majadiliano ya pamoja. Anaweza kuja na mwenzi na watoto wake. Na katika aya ya 3(f) inasema atafaidi haki na mafao ya hifadhi ya jamii sawa na wafanyakazi wa nchi mwenyeji. Tutairudia aya hii.

Mipaka yake ni mitatu. Kwanza, haigusi utumishi wa umma isipokuwa sheria ya nchi iruhusu. Pili, nchi inaweza kuzuia kwa sababu za usalama, afya ya jamii au maslahi ya umma. Tatu, na hiki ndicho kizuizi ambacho wengi hawakijui, kila nchi iliambatisha orodha ya aina za kazi ilizokubali kuwafungulia raia wa wenzake. Orodha hizo zimeegemea wataalamu na mafundi sanifu: wahandisi, walimu wa masomo fulani, mameneja. Baadhi ya nchi zilifungua zaidi, nyingine kidogo. Ukitafuta mfanyakazi wa ndani, kibarua wa shamba la chai au mbeba mizigo wa ujenzi, utamkosa karibu kila mahali, ingawa watu hao ndio wanaovuka kila msimu kutoka Burundi kwenda Kigoma na Kagera, au kila asubuhi kati ya Holili na Taveta.

Kwa aliyemo katika orodha, utaratibu uko katika Kiambatisho cha Pili cha itifaki na una tarehe zake. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 anapaswa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ulipofungwa. Mamlaka inapaswa kutoa kibali ndani ya siku 30 tangu ombi lilipofika. Kibali cha kwanza ni cha hadi miaka miwili na kinaweza kuhuishwa. Mkataba usiozidi siku 90 unahitaji pasi maalumu. Ombi likikataliwa, mwombaji anapaswa kuelezwa sababu kwa maandishi.

Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada za vibali vya kazi. Habari hiyo iliposambaa, ilipotoshwa ikawa kwamba kibali chenyewe kimefutwa. Hakijafutwa. Mganda anayefanya kazi Nakuru halipii ada, lakini asipoomba kibali anavunja sheria sawasawa na yule aliyekwepa kulipa.

Tanzania ina ngazi ya ziada. Chini ya Sheria Na. 1 ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wageni, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Ni hati mbili, ofisi mbili. Mwajiri ndiye anayeomba, na anatakiwa kuonyesha kwamba alitafuta Mtanzania akakosa, na kwamba ana mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Mtu akikupigia simu akakwambia kibali kimeshatoka, muulize ni kipi kati ya viwili. Zanzibar nayo ina sheria yake ya ajira na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano. Kibali cha kazi cha Dar es Salaam hakikuruhusu kupika hotelini Nungwi.

Kuhusu vyeti, fani nne zina makubaliano ya kutambuana: wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Hata hao hawaanzi kazi siku wanayofika. Bado hujiandikisha katika bodi ya fani ya nchi mwenyeji. Fani nyingine hupimwa cheti kwa cheti.

Aya ya 3(f) na pengo lake

Turudi kwenye hifadhi ya jamii. Usawa na mfanyakazi mwenyeji maana yake ni kwamba Mrundi aliyeajiriwa Dar es Salaam anaandikishwa NSSF ya Tanzania, anakatwa, mwajiri wake anachangia, na akifikisha masharti analipwa kama Mtanzania. Hilo ni jambo kubwa. Lakini usawa huo unaishia ndani ya nchi moja. Hausemi lolote kuhusu miaka aliyochangia Bujumbura kabla hajaja. Kwa ajili hiyo aya ya 4 ya ibara hiyohiyo iliagiza Baraza la Mawaziri la Jumuiya litoe maelekezo na kanuni za mafao ya hifadhi ya jamii. Rasimu zimeandaliwa na kujadiliwa kwa miaka mingi. Mfumo wa kuhesabiana miezi haujaanza kufanya kazi.

Ili uone ugumu ulipo, tazama jinsi mifuko ilivyojengwa. Kenya na Uganda zinatumia akaunti ya mwanachama: kila shilingi inaingia kwa jina lako, inazalishwa faida, na mwisho unalipwa kilichomo. Uganda hukata asilimia 5 kwa mfanyakazi na mwajiri huongeza asilimia 10, na malipo hutoka kwa mkupuo, yaani yote mara moja, ukifika miaka 55. Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2023 baada ya mvutano mrefu mahakamani, kila upande hutoa asilimia 6, lakini kwa sehemu ya mshahara isiyovuka kikomo ambacho kimekuwa kikipandishwa.

Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zinahesabu miaka. Unachopata kila mwezi uzeeni kinategemea muda uliochangia na mshahara wako, na unalipwa hadi kufa. Mchango wa NSSF ya Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu. Wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ni asilimia 5 kwa mtumishi na 15 kwa mwajiri. Rwanda ilipandisha mchango wa pensheni kutoka asilimia 6 hadi 12 tangu Januari 2025, na imepanga kuendelea kuupandisha hadi asilimia 20 mwaka 2030. Tanzania inadai miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, ndipo upate pensheni ya kila mwezi. Rwanda nayo inadai miaka 15.

Hapo ndipo mhamaji anapoumia. Chukua fundi umeme aliyechangia miaka 10 Mwanza, kisha akahamia Kigali akachangia miaka 6. Amefanya kazi miaka 16 na kukatwa mshahara miaka 16. Tanzania inamwona mtu wa miezi 120, Rwanda inamwona mtu wa miezi 72, na hakuna anayefika 180. Mwenzake aliyebaki Mwanza miaka 16 hiyohiyo anapata pensheni kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake.

Ni kama mtu aliyekuwa katika chama cha kufa na kuzikana mtaa wa kwanza, chenye kanuni kwamba anayesaidiwa ni aliyechangia miezi 15. Alichanga miezi 10, akahama nyumba, akajiunga na chama cha mtaa wa pili chenye kanuni ileile, akachanga miezi 6. Siku ya msiba kila mweka hazina anafungua daftari na kusema hujatimiza. Hakuna anayesema uongo. Tatizo ni kwamba madaftari mawili hayajawahi kusomwa pamoja.

Usahihi unahitajika hapa, maana kuna uvumi kwamba ukiondoka nchini michango yako inapotea. Haipotei. Asiyefikisha miezi inayotakiwa hulipwa mkupuo wakati wa kustaafu, Tanzania na Rwanda pia. Anachopoteza ni pensheni ya kila mwezi, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mkupuo unaweza kuishia kwenye paa la nyumba na deni moja la hospitali. Pensheni hulipwa hata ukiishi miaka 90.

Hesabu ingekuwaje kama tungeratibu

Njia inayotumika duniani ni ya kujumlisha na kugawana. Kila nchi inajumlisha miezi yote ili kuona kama mtu ana sifa. Fundi wetu ana 120 jumlisha 72, jumla 192, amevuka 180. Kisha Tanzania inapiga hesabu ya pensheni ambayo angepata kama miezi yote 192 ingekuwa ya Tanzania. Tuseme ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Inalipa sehemu yake tu, yaani 120 kwa 192: shilingi 250,000. Rwanda inafanya hivyo kwa upande wake. Kama hesabu yake nzima ni faranga 240,000, inalipa 72 kwa 192: faranga 90,000. Fundi anapokea malipo mawili kutoka mifuko miwili, na hakuna nchi iliyolipia miaka ambayo haikupokea michango.

Hoja hii ya mwisho inajibu hofu ya mara kwa mara kwamba kuratibu kutawafanya wachangiaji wa nchi moja wawalipie wageni. Kila mfuko hulipa kulingana na fedha zilizoingia kwake.

Umoja wa Ulaya unaendesha hili kwa Kanuni 883/2004 yenye misingi minne: mtu achangie nchi moja kwa wakati mmoja, atendewe sawa na raia, vipindi vyake vijumlishwe, na malipo yamfuate aendako. Aliyetumwa na mwajiri wake nchi nyingine anaweza kubaki katika mfuko wa nyumbani hadi miezi 24. Kwetu mhasibu wa benki anayehamishwa kutoka Nairobi kwenda Kampala kwa mwaka mmoja anaweza kujikuta akichangia pande zote mbili.

Huna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mwaka 1978 Burundi, Rwanda na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo zilisaini mkataba wa jumla wa hifadhi ya jamii chini ya jumuiya yao ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Vita vilivyofuata viliudhoofisha sana, lakini wazo la kuhesabiana miaka Bujumbura, Kigali na Bukavu ni la zamani kuliko Jumuiya hii ya sasa, na nchi zote tatu leo ni wanachama wake.

Kwa nini basi imechelewa? Sehemu ngumu kabisa ni kuoanisha mfumo wa akaunti na mfumo wa miaka. Uganda haina pensheni ya kila mwezi ya kugawana. Ina akaunti yenye fedha. Inawezekana kukubaliana kwamba miezi ya Uganda ihesabiwe Tanzania kwa ajili ya kufikisha sifa, bila Uganda kubadilisha namna inavyolipa. Huo ndio mlango mwepesi, na kwa maoni yangu ungefunguliwa kwanza bila kusubiri mifumo ifanane. Tanzania yenyewe ilitoka katika mfuko wa akiba, NPF, ikaingia katika pensheni kwa sheria ya mwaka 1997, kwa hiyo kuishi na mifumo miwili kwa muda si jambo jipya. Ugumu mwingine ni wa kumbukumbu: majina yasiyofanana, namba mbili za uanachama kwa mtu mmoja, miaka ya nyuma iliyoandikwa kwenye makaratasi.

Je, mtangamano unashusha ulinzi wa wenyeji?

Hofu hii ina msingi, ingawa mara nyingi inaelekezwa kwa mtu asiyehusika. Uganda rasmi bado ina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, wakati Kenya na Tanzania hutoa amri za mishahara kwa sekta. Ajali kazini Tanzania hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na waajiri peke yao. Kenya na Uganda sheria inamtwika mwajiri mwenyewe na bima yake. Tofauti kama hizi zinaweza kumshawishi mwajiri kuhamia palipo rahisi.

Lakini angalia kinachotokea kazini. Mgeni mwenye kibali, mkataba na namba ya mfuko anamgharimu mwajiri sawa na mwenyeji. Mgeni asiye na kibali hawezi kuandikishwa, hachangiwi, halipiwi fidia na haendi kushtaki. Huyo ndiye wa bei rahisi, na kwa sababu yake mwenyeji anaambiwa kazi hakuna. Kila kibali kinachocheleweshwa na kila kazi inayoachwa nje ya orodha huongeza idadi ya watu wa aina hii. Mwenye wivu wa kweli na kazi ya mwenyeji angedai mgeni aandikishwe siku ya kwanza.

Hatari ya upande wa pili tumeiona pia. Jumuiya ya kwanza ilikuwa na wafanyakazi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege waliohamishwa ovyo kati ya nchi tatu. Ilipovunjika 1977 mafao yao yakabaki hewani. Makubaliano ya upatanishi ya mwaka 1984 yaligawa mali na madeni kwa uwiano wa asilimia 42 Kenya, 32 Tanzania na 26 Uganda, na kila nchi ikatakiwa kuwalipa raia wake. Tanzania suala lilifika Mahakama Kuu, na hati ya makubaliano kati ya serikali na wastaafu ilisainiwa 2005, miaka 28 baada ya kuvunjika. Wengi wao hawakuwa hai. Haki za mafao zikiachwa kwenye nia njema ya wanasiasa, wazee ndio wanaosubiri.

Ukienda kufanya kazi nchi jirani

Kabla ya kuondoka, chukua taarifa ya michango kutoka mfuko wako wa nyumbani, yenye namba ya uanachama na idadi ya miezi. Hakikisha jina kwenye mfuko, pasipoti, kitambulisho na vyeti ni lilelile kwa herufi. Mohamed na Muhammad ni watu wawili mbele ya kompyuta. Mkataba utaje nani analipia kibali, mfuko gani utachangiwa, na bima ya afya ni ya nani. Kenya bima ya lazima ni ile ya Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara. Uganda haina bima ya taifa ya afya, kwa hiyo mkataba usiotaja matibabu ni mkataba usio na matibabu.

Ukishaanza kazi, kuona makato kwenye hati ya mshahara hakutoshi. Mwajiri anaweza kukata asipeleke. Kenya michango inatakiwa kufika isizidi tarehe 9 ya mwezi unaofuata, Uganda isizidi tarehe 15. Angalia salio kwenye simu kila baada ya miezi mitatu. Pengo la miezi miwili linazibika kwa barua; pengo la miaka minne katika kampuni iliyofungwa halizibiki. Andika wategemezi wako mapema, na uweke nakala za vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, kwa sababu mjane aliyeko Gitega atapata taabu kuthibitisha ndoa yake mbele ya ofisi ya Mombasa.

Ukiondoka, usikimbilie kutoa kila kitu. Kenya na Uganda zina malipo ya mtu anayehama nchi kabisa, na yanavutia. Lakini mwanachama aliyetoa fedha zote amefuta daftari lake, na siku makubaliano ya kujumlisha yatakapoanza hatakuwa na cha kujumlisha. Uliza pia mfuko wa nyumbani kama unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari ukiwa nje. Mtu mwenye miezi 150 Tanzania anayepata kazi Kigali ana sababu kubwa ya kutafuta namna ya kuijaza ile miezi 30 iliyobaki.

Haki yako ikivunjwa na chombo cha serikali, kwa mfano kukataliwa kuingia au kufutiwa kibali bila sababu, kuna Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, yenye masjala ndogo katika nchi wanachama. Mwaka 2013 iliamua kesi ya mwanasheria Mkenya, Samuel Mohochi, aliyezuiwa Entebbe mwaka 2011 na kurudishwa bila kuelezwa sababu wala kusikilizwa. Mahakama ilisema Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya na itifaki, na kwamba mamlaka ya nchi juu ya mipaka yake hayafuti ahadi ilizosaini. Mtu binafsi anaweza kufungua shauri, lakini ibara ya 30 ya Mkataba inampa miezi miwili tu tangu tukio au tangu alipolijua, na mahakama hiyo imeyatupa mashauri mengi kwa kuchelewa. Kwa hiyo siku unayogongewa muhuri wa kukataliwa, omba sababu kwa maandishi na uandike tarehe.